Oili Nyeusi ya Kelestini

Kelestini alikuwa dereva, na dereva wa Ifakara miaka ile alikuwa mtu hasa, si mchezo! Kwa miaka mingi aliendesha lori linalotumia petroli la tajiri mmoja wa mpunga pale Kibaoni. Kilichomfurahisha kuliko vyote ni siku ya kubadilisha oili. Oili mpya ilikuwa na rangi ya asali, naye aliimimina polepole huku akiitazama inavyoteremka, mpaka wenzake wakamtania kwamba iko siku atainywa.

Mwaka wa hamsini na nane tajiri akanunua pikapu ya dizeli, akamtuma Kelestini avuke mto kwenda Lupiro kufuata magunia. Kelestini akaomba ruhusa ampakie mama yake, Eufrasia, aliyezaliwa huko. Macho ya mama yalikuwa yanaingia ukungu, na kila siku wimbo wake ulikuwa mmoja: "Nipeleke nikaione Lupiro kabla macho hayajafunga." Mto nao ulikuwa unajaa. Wavushaji walikwisha kusema kwamba jioni ile wanaivuta pantoni ukingoni mpaka masika yaishe.

Asubuhi mama akapanda kiti cha mbele, amejifunga khanga mbili. Kelestini akaingia chini ya gari na spana, akafungua nati, oili ya zamani ikachuruzika kwenye karai. Majirani walishafika na makopo. Oili chafu hapo mtaani haimwagwi hata tone, hupakwa kwenye nguzo za nyumba ili mchwa wakome. Akaweka mpya, akawasha injini kidogo, akazima, akachomoa kijiti cha kupimia. Nyeusi tii!

"Mama wee! Nimekosea wapi?"

Lori la petroli lingekaa na asali yake siku nyingi. Hili limechafuka kabla hata ya kutoka uani! Akaona bila shaka tumboni mwa injini mna uchafu uliobaki, akaimwaga ile oili yote, nzima kabisa. Jirani yake Justa, aliyekuwa akijenga, akaikinga kwa vigelegele. "Mungu akuzidishie, shemeji!" Kelestini akamimina kopo la mwisho na kuwasha tena. Kijiti kikatoka cheusi vilevile.

Dizeli ndivyo ilivyo, jamani. Oili yake hubeba masizi tangu inapoanza kazi. Lakini nani angemwambia? Pale uani hakuna aliyewahi kuwa na gari la namna hiyo. Akakaa chini akaiona akilini injini ikifia mbugani, kazi imepotea, mama yake yuko kwenye matope.

"Mama, hatuendi. Hebu tazama mwenyewe rangi hii."

Mama hakugeuka. "Mimi na rangi wapi na wapi? Washa nilisikie."

Akawasha. Mama akainamisha kichwa, akasikiliza kama anayesikiliza kifua cha mtoto. "Halikohoi. Twende, baba."

Wakaenda. Mwanzoni roho ya Kelestini ilikuwa mkononi, kisha injini ikanguruma vizuri tu, matete yakapita huku na huku, mvuke ukapanda kutoka mashambani, na woga ukamtoka pasipo yeye kujua. Pantoni ilikuwa inafanya safari zake za mwisho. Walipofika katikati ya mto, wavushaji wakivuta kamba na kuimba kwa sauti ya chini, maji yalikuwa yametanda hata usijue mbuga inaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Milima ya Mahenge ilielea kwa mbali, ya buluu. Furaha ikamjaa Kelestini mpaka akacheka peke yake.

"Mama, si ulitaka kuona? Haya, ona ushibe!"

Mama akatabasamu, uso ameuelekeza kwenye mlango wa gari.

"Sioni, mwanangu. Tangu Noeli sioni kitu. Nilinyamaza, usije ukasema hakuna haja tena ya kunipeleka."

Kelestini alilia, wala hakuona haya. Kisha akaushika mkono wa mama yake.

"Kushoto kuna viboko wawili," akaanza. "Mmoja mdogo. Mbele yao kuna mtumbwi, na mtu anatoa samaki mtegoni..."

"Polepole," mama akasema. "Usiruke kitu."