Mawe Manne na Sauti ya Pili

Nyuma ya nyumba yetu kuna mawe manne. Kwa Mwanza hilo si jambo la kutangaza, maana hapa kila mwenye kiwanja mlimani ana mawe yake, na wengine wameyafanya ukuta wa jiko. Lakini siku moja ya mwezi wa kumi nilikuwa naanika nguo nikayatazama ya kwetu vizuri kwa mara ya kwanza: moja kubwa jeusi kushoto, mawili ya kimo cha mtu katikati, na dogo la mviringo kulia. Nikaacha ndoo palepale. Yale mawe yalikuwa yamejipanga kama kwaya.

Niseme kwanza habari ya baba. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu Nansio, kisiwani Ukerewe, tangu mimi sijazaliwa, na wimbo wetu wa Krismasi aliutunga yeye. Besi wanaanza peke yao, wanaita mara tatu. Sauti ya tatu wanaitika, sauti ya kwanza wanaingia juu kabisa, na sauti ya pili wanakuja mwisho, ndipo wimbo unajaa. Mimi niliimba sauti ya pili tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na wakati wa mazoezi sikuruhusiwa kumwita baba. Pale alikuwa mwalimu kwa wote. Aliyejisahau aliimba peke yake mbele ya wenzake.

Halafu masikio yakaanza kumwacha, kidogo kidogo, mpaka ikawa hata ukipiga kelele hasikii kitu. Tukawa tunamwandikia kwenye daftari. Kwaya ikapata mwalimu mwingine, na baba akaacha kwenda ibada ya Krismasi. Alisema hawezi kukaa kwenye benchi kuangalia watu wanafungua midomo kama sangara. Tulicheka, maana alilisema kwa namna yake ya kuchekesha, lakini mimi liliniuma sana.

Basi pale kwenye kamba ya nguo nikaamua kwamba Krismasi hii baba atauona wimbo wake. Kila jiwe litakuwa sauti moja yenye rangi yake, na taa zitawaka na kuzimika kadiri sauti inavyoingia na kutoka. Na sitamwambia kitu. Ama autambue mwenyewe, ama tunywe chai tulale. Nilichoogopa ni neno moja tu. Baba ana neno lake la adabu kwa vitu visivyomgusa: "Imependeza." Akishalisema, hakuna mazungumzo tena.

Mimi ni fundi simu, nina meza yangu mjini, kwa hiyo nyaya na kulehemu havinitishi. Mume wangu nilipomweleza aliuliza swali moja: "Na lile kubwa atalipanda nani?" Nilimwangalia tu. Akaenda kuazima ngazi.

Nilinunua mikanda ya taa: nyekundu kwa besi, yaani lile jiwe kubwa, bluu kwa sauti ya tatu, kijani kwa sauti ya pili, na nyeupe kali kwa sauti ya kwanza. Kifaa cha kuamrisha taa, kidogo kama kiberiti, nilijifunza kukitumia kwenye video za mtandaoni, nikiziangalia kati ya mteja na mteja. Wimbo tulikuwa nao kwenye kanda ya zamani, nikauhamishia kwenye kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unasikiliza sauti moja tu, kila ikiingia unabonyeza kitufe, ikikata unaachia, na kompyuta inashika ulivyobonyeza. Besi nilimaliza jioni moja. Sauti ya pili ilikuwa imefunikwa na wenzake, haisikiki vizuri. Nikasema ya nini kuhangaika, hii si naijua hata usingizini? Nikaiimba mwenyewe huku nabonyeza.

Siku zile sikukalika! Nilikuwa nagonga mapigo ya wimbo kwenye sufuria, kwenye meza ya kazi, na mgongoni mwa mume wangu akiwa amelala. Mteja mmoja alinirudishia simu akilalamika haina sauti, kumbe nilisahau kumwekea spika.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja tukafanya jaribio la kwanza. Jua limezama, nikawasha. Besi safi. Sauti ya tatu safi. Nikaruka! Kisha jiwe la sauti ya kwanza likalipuka kwa ule mwanga wake mweupe, na haikupita dakika tano, senene, wale panzi wa kuliwa. Sisemi kumi au ishirini. Walikuja kama mvua, wakalifunika jiwe lote, wakaingia mpaka kwenye nywele zangu. Mimi, mtoto wa ziwani, niliyekula senene kabla sijaota meno yote, nimewasha taa nyeupe kilimani katika msimu wao! Nilijitukana kwa Kikerewe na kwa Kiswahili. Jirani yetu, mama wa Kihaya, tayari alikuwa uani kwetu na beseni.

"Jirani, usizime!" alinisihi. "Nakuomba, wimbo mmoja tu tena!"

Nilimpigia mara tatu. Kesho yake alituletea senene wa kukaanga bakuli zima, na mimi nikabadilisha nyeupe kuwa njano.

Siku ya mkesha wa Krismasi baba alifika kwa meli ya mchana. Nilimpokea bandarini, "Shikamoo baba," akasoma midomo yangu, akaitikia marahaba na kunikabidhi kuku. Jioni tulimkalisha kwenye kiti uani, koti mabegani, mume wangu upande mmoja na yule jirani upande wa pili. Spika niliiweka dirishani kwa ajili yetu sisi wenye kusikia. Giza lilipoingia nikawasha mawe yote manne kwa pamoja, kuhakikisha tu kwamba yanawaka.

"Imependeza," alisema baba.

Nilitamani kuchukua daftari nimwandikie kila kitu, lakini kiburi kikanishika. Nikazima, nikabonyeza wimbo.

Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Bluu ikaitika. Baba alikuwa anatafuta leso mfukoni. Njano ilipopanda, mkono wake ukasimama humo humo mfukoni. Sikuyaangalia mawe tena, nilimwangalia yeye. Kwanza ulianza mguu, ukigonga chini taratibu. Ubeti wa pili akasimama, koti likaanguka, na mkono wa kulia ukapanda usawa wa kifua, kiganja chini, vile alivyokuwa akiwapoza waimbaji. Kisha akanyoosha kidole kwenye lile jiwe kubwa kabla halijawaka. Likawaka!

Nilipiga ukelele. Jirani naye akapiga vigelegele bila kujua kwa nini. Mume wangu alikuwa anajifuta macho kwa ukingo wa shati.

Mawe yote yakazimika kwa pigo moja na baba akashusha mkono. Nilimkimbilia nikingoja anikumbatie. Akanigeukia na uso niliokuwa nauogopa tangu utotoni.

"Sauti ya pili mmechelewa," alisema. "Mstari wa tatu. Beti zote mbili."

Nilikasirika! Miezi miwili ya kazi! Nikashika daftari nikaandika kwa herufi kubwa: HII NI KOMPYUTA, HAICHELEWI. Akasoma, akanirudishia.

"Kaangalie," alisema.

Nikaingia ndani kwa hasira, nikafungua mstari wa tatu, nikausikiliza polepole mara tatu, masikio yote kwenye sauti ya pili ya kwenye kanda. Ilikuwa kweli. Kijani kilikuwa kinaingia nyuma ya wenzake, kidogo sana, kadiri kidole changu kilivyochelewa kubonyeza. Mstari uleule alionisimamishia mbele ya watu Jumamosi baada ya Jumamosi, nikiapa kwamba ni yeye anayekimbia. Nilicheka peke yangu pale mezani mpaka machozi yakanitoka, nikakisogeza kijani mahali pake.

Nilipotoka baba alikuwa hajakaa. Amesimama mbele ya mawe, mikono yote miwili juu, anasubiri.

"Rudieni," alisema bila kugeuka. "Toka mwanzo."

"Sawa, mwalimu," nikamjibu, nikabonyeza.