Mama Vidole na Glavu ya Tisa

"Mama, si mimi niliyepanga. Mradi umeisha, nimeambiwa nikusanye..."

"Umeambiwa wewe. Mkono wa mume wangu nao nani ameuambia..."

"...nikusanye glavu zote nane, zihesabiwe, zifungiwe kabatini..."

"...kwamba mradi umeisha, kwa hiyo ujikunje urudi ulikotoka?"

Ni saa nne asubuhi na sebule ndogo imejaa sauti mbili zinazopandana, kama redio mbili zilizowashwa chumba kimoja. Upande wa dirishani ni Mhandisi, kijana wa miaka thelathini na mbili mwenye ndevu zilizoota bila ruhusa, fomu iko mapajani. Upande wa pili, mikono kiunoni, ni mke wa Kinyozi. Katikati yao, kwenye kochi, ameketi Kinyozi mwenyewe, miaka sitini na moja. Mkono wake wa kulia umevaa glavu nene ya mpira wa kijivu, na anaushikilia kwa wa kushoto kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani.

Kwenye stuli karibu na mlango kuna mtu wa nne. Amepakata mkoba wake. Glavu inayogombaniwa ameitengeneza yeye.

Chuo kikuu wanamwita Mama Vidole. Si kwa sababu ya kuwanyooshea watu vidole, ingawa hilo nalo analiweza. Ni kwa sababu maabara yao inatengeneza roboti laini za kuwasaidia wagonjwa warudishe nguvu za viungo, na kwa miaka sita kila kidole cha mpira kilichotoka pale kimepita mikononi mwake.

Ana miaka hamsini na mbili. Kabla ya hapo alishona sare za shule kwa miaka kumi na tisa, mpaka karakana ilipofungwa. Binamu yake, mfagizi wa chuoni, ndiye aliyemletea habari kwamba watu wa roboti wanatafuta mshonaji.

"Nikamwuliza, roboti nazo zinavaa nguo? Akaniambia njoo uone mwenyewe," anasimulia.

Siku ya usaili walimpa glavu ya majaribio aitafutie kasoro. Aliigeuza, akaikagua mishono, akauliza mtoto aliyeishona ana umri gani. Mtoto mwenyewe alikuwa Mhandisi, na alikuwa amekaa mbele yake na kalamu.

"Ndiye aliyesema niajiriwe," anasema. "Aibu nyingine zina faida."

Wiki ya kwanza aliitafuta roboti bila kuiona. Akilini mwake alikuwa na lichuma lenye macho mekundu. Siku ya nne akaombwa ainuke taratibu: ule mto wa mpira alioukalia tangu Jumatatu ndio roboti.

Kazi yake si ya mwenye haraka. Majimaji mawili mazito kama asali, ambayo yakichanganywa huganda kuwa mpira, yanapimwa kwenye mizani, yanakorogwa polepole, yanaingizwa kwenye chungu cha kunyonya hewa, kisha yanamiminwa kwenye kalibu ya umbo la glavu, wembamba kama uzi. Adui ni kiputo. Kiputo kimoja cha ukubwa wa punje ya ufuta kikibaki ndani, kidole kinapasuka siku ya majaribio. Katika kila glavu tatu alizomimina mwaka wa kwanza, mbili zilipasuka.

"Kiputo ni kama siri ya ndani ya nyumba," anasema. "Hukioni mpaka presha ipande."

Na presha ndiyo kazi ya glavu. Aliyepigwa na kiharusi mara nyingi kufumba mkono anaweza, kufumbua ndiyo kasheshe. Pampu ndogo inasukuma hewa kwenye mgongo wa glavu, mpira unatutumka, vidole vinafunguka. Hewa inatoka, vinajifumba. Mara mia mbili kwa siku, mpaka ubongo ukumbuke ulichosahau.

Kinyozi alisahau vyote kwa dakika moja, mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, akiwa na wembe mkononi. Mteja aliyekuwa kitini ndiye aliyembeba kumkimbiza hospitali, shavu moja limenyolewa, la pili lina povu. Alitembea na nusu ya ndevu siku tatu, kwa sababu aliapa hatanyolewa na mwingine mpaka ajue mzee amepona. Siku ya nne akanyoa mwenyewe. Habari hazikuwa nzuri.

Maneno nayo yalikwenda. Yamebaki matatu: ndiyo, chai, na tusi moja ambalo mke wake ameomba lisiandikwe gazetini.

"Huyu alikuwa ananyoa watoto wa mtaa mzima bure wiki ya kufungua shule," anasema mke huyo. "Leo ukimwona na ngumi yake utadhani ana mkono wa birika."

Anatania, lakini kicheko hakifiki mbali. Kabla ya glavu, ngumi ile ilikuwa haifunguki hata kwa kuoshwa. Kucha zilikuwa zinazama kwenye kiganja. Kila Jumapili alikuwa anaupenyeza mkasi ndani ya ngumi, akikata kwa kubahatisha, na mume wake akilia bila sauti. Kiganja kilikuwa na kidonda na kilikuwa kinanuka. Baada ya miezi saba ya glavu, kidonda kimekauka. Kijiko anashika. Komeo la mlango anafungua, hata pasipo sababu.

Mama Vidole anajua kitakachofuata glavu ikiondoka, maana alishawahi kuona glavu ilipokwenda matengenezo. "Wiki tatu tu," anasema. "Wiki tatu, mkono unajikunja kama haukuwahi kufundishwa. Ukirudi unaanza moja."

Safari hii hakuna kurudi. Wafadhili wamemaliza muda wao. Profesa, mkuu wa maabara, amesafiri, watafiti wawili wameshapata kazi kwingine, na chumba cha maabara kimeahidiwa idara nyingine ambayo tayari imeleta viti vyake na kuvipanga koridoni, vinangoja kama warithi. Mkataba wa Mama Vidole, uliokuwa ukihuishwa kila baada ya miezi kumi, unaisha Ijumaa. Mshahara wake haukuwahi kufika nusu ya ule wa Mhandisi, na wa Mhandisi nao unaisha Ijumaa hiyo hiyo.

Kwa siku nne wamezunguka kwa wagonjwa wawili wawili, yeye na Mhandisi. Yeye amechukuliwa kwa sababu wagonjwa wanamzoea. "Nimekuwa kama yule anayetangulizwa kugonga mlango wa msiba," anasema. Glavu saba zimesharudi. Wa kwanza aligoma kisha akatoa. Wa tatu, aliyekuwa refa wa mpira, aliileta mwenyewe mlangoni, ameifua, ameikausha, ameikunja ndani ya kitambaa cheupe. Hakuuliza hata swali.

"Nilitamani atutukane," anasema Mama Vidole. "Angetutukana ningelala."

Imebaki hii ya Kinyozi, ya nane.

Lakini kwenye mkoba aliopakata pale kwenye stuli kuna jambo ambalo halimo kwenye fomu.

Mkono wa Kinyozi ulipokuja kupimwa ulikuwa ngumi. Haukuingia kwenye plasta ya kuchukulia umbo. Kwa wagonjwa kama hao, maabara inachukua umbo la mkono mzima, wa kushoto, kisha kompyuta inaligeuza kama kwenye kioo ili liwe la kulia. Ni kubonyeza mara moja tu. Siku hiyo Mhandisi alikuwa hajalala vizuri, na hakubonyeza.

Kalibu ikachapishwa kwa mashine. Mama Vidole akakoroga, akamimina, akangoja. Siku ya tatu akaifungua. Ilikuwa glavu safi kuliko zote alizowahi kutoa, haina kiputo hata kimoja. Akaivaa mkono wa kulia, kidole gumba kikatazama kwa jirani.

"Nikamwambia, mwanangu, huyu mzee ana mikono miwili ya kushoto?"

Mhandisi alimwomba Mama Vidole wamfiche Profesa. Glavu ikaandikwa kwenye daftari kuwa imeharibika kwa viputo na imetupwa, ikamiminwa nyingine. Viputo ni kazi ya Mama Vidole, kwa hiyo kosa likawa lake. Aliitwa, akaonywa kwa barua. Barua anayo mpaka leo, anaitunza pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto wake wa kwanza. Glavu nayo hakuitupa. Aliitia kwenye droo ya vitambaa.

Wiki mbili zilizopita, tangazo la kufungwa lilipobandikwa ukutani, aliikumbuka. Mhandisi anajua hesabu nyingi, lakini hajawahi kushona mikono ya shati. Fundi cherehani yeyote anajua: kitu cha kushoto ukikipindua nje ndani, kinakuwa cha kulia.

Akaipindua. Mirija ya hewa iliyokuwa nje ikawa ndani, akaichomoa na kuirudisha nje kidole kimoja baada ya kingine, kila tundu akiliziba kwa kiraka. Kazi ya siku tano, akiifanya nyumbani mchana akisema anaumwa mgongo. Pampu ni mali ya chuo, hakuigusa. Mahali pake amefunga kipira cha mashine ya kupimia presha ya damu, kile cha kubonyeza kwa mkono. Atakayekibonyeza hicho mara mia mbili kwa siku ni mke.

Hajui kama itafaa. Hana mpira wa kuwatengenezea wale saba. Anacho kitambaa na cherehani yake, na mpango wa kujaribu glavu ya turubai yenye mifuko ya plastiki ndani. "Huenda isifanye kazi," anasema. "Huenda ikawafungua vidole viwili tu. Viwili vinatosha kuosha kiganja."

Kule sebuleni, ugomvi umeisha kama mvua inavyoisha, bila aliyeshinda kutangazwa. Mke wa Kinyozi amechoka. Anakaa kando ya mumewe na kuivua glavu mwenyewe, kidole kwa kidole, hataki Mhandisi aguse. Mkono unabaki wazi kidogo hewani. Kisha unaanza kujifumba taratibu, kama mlango usio na wa kuuzuia.

Mhandisi anatia sahihi, anasimama, anaweka glavu kwenye begi. Anasema samahani mara mbili. Ya pili haisikiki.

Ndipo Mama Vidole anapofungua mkoba.

"Dada, mvalishe hii," anamwambia mke. "Ubonyeze hapa. Taratibu."

Mhandisi anaitazama. Anaitambua kwa rangi, halafu anaonekana kutoitambua kwa umbo, halafu anaelewa, na masikio yake yanabadilika rangi.

"Hiyo si iliharibika?"

"Kwa viputo," anasema Mama Vidole. "Viputo vyangu."

Mhandisi si mtu mbaya, hilo hata mke wa Kinyozi atakuja kulisema baadaye. Anaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba kifaa cha majaribio hakiruhusiwi kubaki kwa mgonjwa pasipo mtu wa kukikagua. Kwamba hii haijapimwa hata siku moja. Jina lake liko kwenye kila karatasi. Anamwita Mama Vidole mama, anamwomba amwelewe.

"Ikipasuka? Ikimvunja kidole? Ikimdhuru mtu, nani atabeba?"

Kinachosikika ni kipira tu, pfu, pfu, pfu. Mke ameshamvalisha, anabonyeza akiwa ameuma midomo. Mpira unatutumka, si sawasawa. Kidole cha shahada kinachelewa. Kidole cha mwisho hakitaki kabisa. Lakini ngumi inafunguka, imepinda na inatetemeka, kiganja kinaonekana.

Kinyozi anakitazama kiganja chake muda mrefu. Kisha anamtazama Mhandisi. Si machoni. Anamtazama kidevuni, kwenye zile ndevu, kwa jicho ambalo wateja wake wa zamani wangelijua.

"Wembe," anasema.

Mke anaacha kubonyeza. Neno hilo halijasikika katika nyumba hii kwa mwaka na miezi miwili. Anageuka kwenye rafu, lilipo kopo la zamani lenye brashi na wembe wa kukunja, kisha anageuka kumtazama mume wake, kana kwamba aliyesema ni mtu mwingine.

Kinyozi anaunyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, na kukisogeza kiti cha mbao mpaka mbele ya magoti yake. Anakipigapiga kwenye kikalio mara mbili, kufuta vumbi lisilokuwepo, kama alivyofanya kwa miaka thelathini na minne kila mteja alipoingia.

Mhandisi bado ameshika begi.

"Kaa," Kinyozi anamwambia, akiyatafuta maneno moja moja. "Kaa, mwanangu. Nikunyoe."