Tela la Kliniki ya Mkoba

Siku yangu ya kwanza kazini Kibiti, Mganga Mfawidhi, mkuu wa zahanati, alinipeleka moja kwa moja uani. Palikuwa na pikipiki iliyofungwa tela: sanduku la bati lenye magurudumu mawili, na juu yake hema la kukunjua lenye vitanda viwili. Hiyo ndiyo ilikuwa kliniki yetu ya mkoba. Tulibeba chanjo na mizani, na katika vijiji vya mbali tukalala humohumo.

"Sista, pikipiki unaijua?"

"Naijua, daktari."

"Hii huijui. Hii ina mkia, na mkia una akili yake."

Akanifundisha. Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli, chuma kinachoshika magurudumu, maana ukilemea nyuma, pikipiki inainuliwa mkiani na tela linaanza kuyumba. Pini ya kuunganishia ifungwe, na mnyororo wa akiba upitishwe chini yake, pini ikikatika tela lisitoroke. Upepo wa tairi nipime kila asubuhi. Mimi nilipima, nikaenda kunywa chai, nikarudi kupima tena.

Nilipelekwa Mloka, ambako tembo walikatiza njia kutoka mashambani. Kuwapisha kwa kurudi kinyumenyume na tela ni shida: ukikata usukani kulia, lenyewe linakwenda kushoto. Baadaye nikahamishiwa Mtunda, chini ya Mratibu wa Chanjo, mama mkali asiyepandisha sauti. Kila tulipoondoka alisema, "Ukichelewa nitakusubiri. Ukianguka, nitamwambia nini mama yako?"

Mchana mmoja tulimaliza kliniki, tukaenda kuswali adhuhuri. Tuliporudi tukaondoka, mimi naendesha, muuguzi mwenzangu Mwanahawa nyuma yangu. Tulipoanza kushuka mteremko, pikipiki ikawa nyepesi chini yetu, kama gurudumu la nyuma haligusi chini.

"Dada, linacheza!" Mwanahawa akanikumbatia kiuno.

"Kaa katikati. Usiegemee popote!"

Mbele yetu wanawake waliotoka kliniki walikuwa wameijaza njia, watoto mgongoni. Nikapiga honi. Mguu wangu uliitaka breki, nami nikaukatalia, kwa kuwa ningekanyaga ghafla tela lingekuja ubavuni na kutulaza wote. Nikapunguza mafuta taratibu, nikaushika usukani bila kushindana nao, nikangoja. Tela likapiga kulia, likapiga kushoto. Wanawake wakakimbilia majanini. Mwendo ulipokufa ndipo nikagusa breki ya nyuma, kidogo kidogo, hadi tukasimama.

Mama mmoja akatoka kwenye majani, mtoto mgongoni, akicheka.

"Sista! Mzigo wetu mmeuona?"

Nikafunua hema. Nyuma kabisa ya tela, kwenye mlango wake, palikuwa na gunia la mpunga. Wanawake wale walitupakilia wakati tunaswali, iwe shukrani.

"Tumeuona, mama," nikasema. "Ahsanteni sana."

Alipopita, mimi na Mwanahawa tukalivuta gunia mbele ya ekseli, tukaendelea na safari.

Sasa nimestaafu, alhamdulillahi, na Mwanahawa ni jirani yangu. Mteremko ule hatuuzungumzii. Tunawazungumzia watoto tuliowachanja. Wengine hupita hapa nyumbani na pikipiki zao, wakivuta matela ya mkaa na magodoro, wananipungia mkono. Nami nawapungia, kisha nasimama barazani nikilitazama tela mpaka lipotee konani.