Nyasi za Shimo la Mwisho

Kabla hajawa mchezaji wa kulipwa, dada huyu alikata nyasi za klabu ya gofu kwa miaka tisa, ndiyo maana mpaka leo wanamwita Mama Nyasi. Jina lenyewe lilianza kama kejeli. Waliomkejeli walikuja kulimeza, maana siku za Jumatatu, ambapo wanachama hawaji na wafanyakazi wanaruhusiwa kucheza, aliwachapa makedi wote, wale wabeba fimbo za wachezaji, kisha akamchapa na mwalimu wao. Tena kwa fimbo za kuazima! Mwalimu akasema siku hiyo alikuwa na mafua. Haya, tuseme alikuwa na mafua.

Nguvu hakuwa nazo. Mabinti wa siku hizi wanapiga mpira mpaka unapotea machoni. Wa kwake ulikwenda kwa adabu zake, katikati ya njia. Lakini akifika grini, pale kwenye nyasi fupi zinazozunguka shimo, nani amwambie kitu? Mashine ikipita, nyasi hulalia kule ilikoelekea. Ukizifuata, mpira unateleza. Ukizikabili, mpira unagoma. Wenzake walikisia, yeye alijua.

Kwa ujuzi huo alicheza mashindano ya kulipwa miaka kumi na sita. Alishinda mara mbili tu, na hakuona haya kuitamka hiyo "tu". Kedi wake alikuwa mumewe, fundi cherehani aliyefunga duka ili ambebee mkewe mfuko wa fimbo, na lawama pia. Mashine ya nyasi alimwachia mdogo wake wa kiume, mtu mkimya hivi kwamba ukimsalimia unarudia, ukidhani hakusikia.

Akafika miaka arobaini na tisa, goti nalo likaanza ukorofi. Kanuni ilikuwa haina huruma: mwaka ukiisha, arobaini wa kwanza wanabaki kwenye mashindano, wengine wanafungasha. Yeye alikuwa anang'ang'ania mkiani mwa hao arobaini. Mashindano ya mwisho yakapangwa kwenye uwanja wake wa nyumbani, na moyo wake ukatulia kabisa. Mcheza kwao hutunzwa, au sivyo?

Alifika grini ya shimo la kumi na nane, la mwisho, hesabu ikiwa wazi hata kwa watazamaji. Akiutumbukiza mpira kwa mikwaju miwili, anabaki mwaka mwingine. Kwa mitatu, kwaheri ya kuonana. Mpira ulikuwa upande wa miti, hatua nane kutoka shimoni. Mikwaju miwili hapo, kwake, ilikuwa kama kumsukumia mtoto kikombe mezani.

"Mke wangu," mumewe alinong'ona, "mbona nyasi naona zinang'aa? Si ndiyo dalili zimelalia mbele?"

"Hilo ni jua. Nyasi za shimo hili hukatwa kutoka jengo la klabu kuja mitini, zinatukabili. Nimezikata miaka tisa, mzee. Leo utanifundisha nyasi mimi?"

"Sikufundishi. Inama tu uangalie."

"Goti hili niliinamishe kwa kitu ninachokijua?"

Ama kweli mazoea yana taabu. Alipiga kwa nguvu, kama mtu anayepiga kukabili nyasi. Mpira ukateleza, ukalipita shimo, ukaenda kusimama hatua nne mbele. Akaufuata. Mkwaju wa pili ukazunguka mdomo wa shimo ukagoma kuingia. Wa tatu uliingia. Watu wakampigia makofi yale ya kumpa mtu pole, na mumewe, Mungu ambariki, hakusema "nilikuambia".

Mdogo wake alikuwa kwenye banda la mashine, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipomwona akasimama, na siku hiyo maneno yalimtoka mengi kuliko ya mwaka mzima.

"Ni mimi, dada. Asubuhi niliona shimo la leo limechimbwa upande wa jengo, nikajua utapiga ukitokea mitini. Nikageuza mashine. Nikasema nyasi zimlalie mbele, mpira uteleze, dada asihangaike. Kukuambia hairuhusiwi. Nikajua utaona mwenyewe. Wewe huwa unaona."

Hasira zilimpanda. Alitaka kumtukana, akatafuta tusi asilione. Miaka kumi na sita ilikuwa imeisha, basi, na ilimuuma, ilimuuma sana. Akaketi juu ya ile ndoo, akalia bila kujificha, huku mdogo wake amesimama pembeni akipindapinda kofia yake.

"Umenichukia, dada?"

"Nikuchukie kwa kunipenda?" Alijifuta uso kwa glovu. "Ila ungenipenda kesho, mdogo wangu. Leo nilihitaji mkata nyasi tu."