Doa la Kila Sentimita Tisa na Nusu

Doa lilitua kwenye shavu la baba. La kijivu, ukubwa wa harage.

Nikachapa nakala ya pili, likapanda kwenye paji la uso. Ya tatu likaenda kukaa juu ya tarehe aliyofariki.

Baba alikuwa hajazikwa bado. Tulikuwa tunamzika kesho yake saa nne asubuhi. Mchana huo nilikuwa dukani kwake, nachapa ratiba ya mazishi yake kwa printa yake mwenyewe. Nakala mia moja na ishirini.

Mniruhusu nijieleze kidogo. Mimi ni mwanamke, na kazi yangu ni fundi wa mashine za ofisi. Baba ndiye aliyenifundisha, humo humo dukani, nikiwa bado napanda kiti ndio nifikie kifuniko. Jina langu aliacha kulitumia zamani sana. Aliniita Fundi, hata mbele za watu.

Printa yenyewe ni ya leza, ina miaka kumi na saba. Baba aliiita Bi Mkubwa. Mama aliiita mke mwenzangu, na siyo kwamba alikuwa anatania sana.

Sikuwa nimelia. Tangu Jumamosi nilipopata taarifa kwamba kiharusi kimemchukua, nilikuwa mkavu, kama msiba ni wa jirani. Watu wananikumbatia, mimi nawaza kama karatasi zitatosha.

Kaka yangu akaangalia zile nakala tatu, akasonya. "Peleka kule mjini wachape, tumalize. Hii mashine imeshachoka."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. "Ratiba ya mume wangu itatoka kwenye mashine ya mume wangu," akasema. "Ishindikane kwanza mbele ya macho yangu."

Mama akiongea hivyo, mjadala umefungwa.

Sasa, hilo doa nilikuwa nalijua. Alhamisi, siku mbili kabla hajafariki, baba alinipigia.

"Fundi, Bi Mkubwa anatoa doa."

"Linajirudia?"

"Linajirudia."

"Kila baada ya sentimita ngapi?"

"Tisa na nusu."

"Hiyo dramu, baba. Panguza na kitambaa kikavu. Usiguse na kidole."

Akacheka. "Unanifundisha mimi?"

"Mwezi ujao nikija nitaikagua yote."

"Sawa, Fundi. Kazi njema."

Dakika nne. Nilikuwa na printa ya mteja imefunguliwa mezani, nikarudi kwenye kazi yangu.

Kwa hiyo pale dukani nilijiambia, dramu alishaipanguza, lazima doa hili ni la kitu kingine. Mzee ukimpa kazi hailazi.

Nikabadilisha karatasi, pengine zimeshika unyevu. Doa.

Nikatoa katriji, nikaitikisa taratibu ili unga wa wino ujipange, nikarudisha. Doa.

Nikafungua nyuma, nikafuta rola za moto zinazogandisha wino kwenye karatasi. Doa, tena safari hii limekaa kwenye jina langu, kwenye orodha ya watoto.

"Hee, na wewe limekupitia," kaka akasema.

Nikachukua rula, maana kila karatasi ilikuwa na doa zaidi ya moja. Ndani ya printa kila kinachozunguka kina ukubwa wake, kwa hiyo ukipima umbali kutoka doa hadi doa, unajua mhalifu ni nani. Nikapima mara mbili.

Tisa na nusu. Dramu.

Nikamgeukia kaka. "Nani kafungua hii mashine?"

"Mimi? Hiyo kitu naiogopa mimi tangu utoto."

Nikatoa katriji, ambayo dramu imo humo humo, nikaisogeza dirishani kidogo tu, maana dramu haipendi mwanga. Ni silinda inayong'aa, ya bluu, laini kuliko kioo. Ndiyo inayobeba picha ya kila ukurasa. Ukiigusa na kidole, mafuta ya ngozi yanabaki pale, na ikizunguka inakuchapa wewe kwenye kila karatasi.

Sheria ya kwanza ya duka ilikuwa hiyo. Nikiwa na miaka tisa niliigusa, vyeti vya watu vikatoka na kidole changu. Baba alinisema siku hiyo hadi nikajificha stoo. Miaka yote iliyofuata alikuwa ananitania kwamba kidole changu kimetembea nyumba nyingi kuliko mimi.

Sasa pale kwenye bluu kulikuwa na alama ya kidole gumba. Kikubwa. Katikati kimekatwa na mstari wa mshazari.

Mstari ule niliujua. Baba alijikata na kisu cha kukatia karatasi kabla sijazaliwa, kovu lake nimelishika tangu mdogo.

"Ni baba," nikasema. "Baba kagusa dramu."

Kaka akakunja uso. "Baba? Haiwezekani."

Nikatazama mezani. Kando ya printa kulikuwa na kitambaa kikavu, kimekunjwa mara nne, kisafi. Hakijatumika.

Mama akasema bila kuinua macho, "Kilimponyoka."

"Nini?"

"Hicho ulichoshika. Alhamisi asubuhi, alikuwa anakitikisa kama ulivyofanya wewe. Kikamponyoka, akakidaka vibaya. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi tangu alivyoamka. Hata kikombe cha chai kilimwanguka."

Nikaiondoa katriji dirishani.

"Nikamwambia twende hospitali. Akasema, kwanza nipigie Fundi. Vidole vilikuwa havibonyezi. Ile simu nilibonyeza mimi, mwanangu, nikamwekea sikioni." Akanyoosha kanga magotini. "Nikatoka nje muongee. Aliponifuata nje nikamuuliza, umemwambia? Akasema, nimemwambia, amenielekeza. Nikajua umemwambia apumzike, habari ya hospitali nikaiacha."

"Nilimwambia apanguze dramu, mama."



"Alijaribu," mama akasema. "Kifuniko kilimshinda kufungua. Akasema wewe utakuja mwezi ujao."

Kaka akatoka nje. Nikamsikia anavuta kamasi.

Mimi nilisubiri machozi, hayakuja. Nilijisikia kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Mama akauliza, "Ukifuta, kinatoka?"

"Kinatoka."

"Basi futa. Hajawahi kutoa kazi chafu."

Nikachukua kile kitambaa alichokunja baba, nikapanguza. Mara tatu, taratibu, upande mmoja. Kovu ndilo lilikuwa la mwisho kuondoka.

Nakala mia moja na ishirini zikatoka. Nilizikagua zote, moja moja.

Kesho yake makaburini watu walizishika, wakazigeuza geuza. Mteja wake mmoja wa zamani akanijia, akanipa mkono. "Pole sana. Ila mzee angefurahi. Imetoka safi kabisa."

Walionisifu vile walikuwa wengi. Wote niliwajibu asante.

Ni miezi minne sasa. Ile nakala ya kwanza, yenye doa shavuni, iko kwenye kabati langu. Kila siku napokea simu za wateja, nawauliza mashine inatoa nini, tangu lini, kila baada ya sentimita ngapi. Maswali mazuri sana. Baba alinifundisha yote.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, mzazi akikupigia akakwambia redio haishiki au mlango haufungi, mwelekeze. Halafu kabla hujakata, muulize na yeye anaendeleaje, na akisema yuko sawa muulize tena. Mimi nilikuwa na dakika nne, nikamuuliza habari za Bi Mkubwa.