Magita Makavu ya Kabazi

Nakumbuka tarehe moja kuliko ninavyokumbuka siku yangu ya kuzaliwa, ambayo hata hivyo hakuna aliyeiandika. Ni ishirini na sita Desemba, Boksing Dei. Mwanangu, mimi shule niliiacha darasa la pili, lakini tarehe hiyo naijua ndani nje, kwa sababu bendi yetu haikuwa na tarehe kubwa kuliko hiyo.

Tulikuwa watu watano, na makao yetu yalikuwa chumba kimoja hapo Bondeni, Nakuru. Kiongozi alikuwa Mzee Gathua, aliyewahi kuwa kibarua katika shamba la mzungu huko Kabazi, upande wa Subukia. Uhuru ulipokuja na shamba likakatwa vipande, vibarua wenzake waliopata ploti walimwita awapigie muziki Krismasi yao ya kwanza juu ya udongo wao. Krismasi yenyewe watu walikuwa kanisani, basi tukaenda kesho yake. Tulianza baada ya chakula cha mchana, tukamaliza ng'ombe walipoanza kulia kutaka kukamuliwa. Tukaambiwa, "Mwaka ujao tena." Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi, na hakuna mwaka tuliokosa.

Kulikuwa na desturi moja. Kabla mtu yeyote hajacheza, Mzee Gathua aliimba majina ya watu wa Kabazi waliofariki mwaka huo, moja moja, magita mawili makavu yakimsindikiza chini chini. Gita kavu ni lile la mbao tupu, lisilotaka stima, yaani umeme. Familia zilitoka mbali kuja kusikia jina tu. Likishatajwa, walijifuta machozi wakaingia kwenye dansi ya twisti kama watu waliotua mzigo.

Miaka ikaenda, mimi nikawa mpiga solo, na Nakuru ikanijua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi langu nilitia ndoo nzima. Mwishoni mwa miaka ya sitini tukapata magita ya stima na spika kubwa kama kabati. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Gita kavu nikaliona ni la wachunga mbuzi.

Mwaka huo Mzee Gathua aliniachia kazi ya kupakia lori. "Ya stima beba ukipenda," akasema, "lakini makavu usiyaache. Kabazi hakuna stima." Mimi nilikuwa nimeshaazima jenereta kwa mwenye kiwanda cha mbao. Magita makavu nikayasukuma chini ya kitanda, makusudi, ili Mzee asiwe na la kuchagua. Lori likiwa bado mlangoni akaniuliza, "Yamepakiwa?"

"Yamepakiwa, mzee."

Uongo mtupu, mwanangu, na sikutoa hata jasho.

Kabazi tukakuta uwanja umejaa. Mbele kabisa, kwenye kigoda, alikaa Mama Wairimu na leso mpya mabegani. Mumewe Kamau, yule aliyefunga safari kuja Nakuru kutuita mara ya kwanza, alikuwa amezikwa mwaka huo, mvua za masika zikianza. Sote tulijua mama huyo amekuja kwa ajili ya jina hilo.

Nikawasha jenereta. Mzee Gathua, akiamini nitapiga chini chini na makavu bado yamo lorini, akaanza majina, na mimi, badala ya kumsindikiza, nikafungulia spika mpaka mwisho. Nilitaka Subukia nzima inisikie. Watoto wakaziba masikio, mbuzi wakakata kamba. Majina yalipokwisha, Mama Wairimu akasimama, akaja hadi nilipo.

"Kijana, mmeshamwimba Kamau?"

"Tumemwimba, mama."

"Mimi nimesikia tingatinga ikilima."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Hapo hapo jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima. Gita langu likawa ubao. Tulivuta ile kamba ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka. Mzee Gathua akasema taratibu, "Basi. Leta makavu."

Nikatazama viatu vyangu. Navyo vilikuwa vipya.

"Yako wapi?"

"Bondeni, mzee. Chini ya kitanda."

Wafula, mpiga ngoma wetu, akadakia, "Si mbali. Ukitoka sasa utafika kesho, utuletee kesho kutwa."

Mzee Gathua hakunigombeza. Aliokota chupa tupu ya soda, akatafuta msumari, akanipa vyote viwili. "Leo wewe ni mtu wa chupa. Gonga polepole. Nikikusikia kuliko jina la Kamau, utarudi Nakuru kwa miguu."

Nikagonga. Mpiga solo mzima wa Nakuru, na msumari mkononi. Mzee akaliimba jina la Kamau mara tatu, na la baba yake, na la kijito alichonyweshea ng'ombe wake. Mama Wairimu akainamisha kichwa kwa muda. Kisha akaitoa ile leso mabegani, akajifunga kiunoni.

"Sasa pigeni twisti," akasema. "Aliipenda sana, ingawa hakuijua."

Tukapiga kwa ngoma, chupa na midomo. Wafula aliigiza gita langu kwa mdomo, na watu wakasema afadhali yeye. Sijaona tena dansi tamu kama ile, na mimi nilibaki mtu wa chupa mpaka saa ya kukamua.

Kwenye lori Mzee aliniambia maneno machache. "Gita la stima ni zuri, hata mimi nalipenda. Lakini watu wale walimjia Kamau. Ukitaka usikike peke yako, tafuta ukumbi wako."

Nikamwomba msamaha. Akanituma kwa Mama Wairimu pia. Nikaenda Jumapili iliyofuata, na nikatiliwa uji kabla sijamaliza kusema pole.

Katikati ya miaka ya sabini vidole vya Mzee vilishikwa na baridi yabisi, akaniachia majina. Tarehe ilipofika akaketi na watu, kikombe cha chai mkononi, nami nikaimba. Nilipomwendea akasema, "Jina la Kiptoo umelikimbiza. Mwaka ujao, polepole." Hakuwahi kunisifu zaidi ya hapo, na inanitosha mpaka leo.

Mwanangu, sikukatazi vipya. Nyumba yangu ya mawe imejengwa na gita la stima, na sioni haya kusema. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Ukiitwa mahali, jiulize kwanza watu hawa wanakuitia nini. Wape hicho, maringo yako yafuate kama muda utabaki. Usimdanganye mkubwa wako kwa jambo ambalo jua litalianika kabla halijatua. Na ukiaibika ukapewa kazi ndogo, ifanye vizuri, maana ndiyo mlango wa kurudia.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio pana. Akujalie watu wanaokungojea, na miguu ya kuwafikia. Uishi mpaka wajukuu wako wachoke kukusikiliza.