Mkono wa Pili Kwenye Plagi

Pale karakana ya magari ya mashindano hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Chapchap, na jina hilo alilitolea jasho: miaka kumi na tisa alibadilisha tairi za magari ya petroli kabla hujapepesa jicho. Kisha yakaja ya umeme. Dereva akiingia kuchaji, fundi mmoja, na kwa sheria mmoja tu, huchomeka plagi, akarudi nyuma, akasimama mikono mgongoni sekunde thelathini, halafu akachomoa. Basi. Ufundi wote ule umeishia kusimama kama mlinzi wa benki!

Lakini mikono mgongoni ilimfaa, maana ilikuwa ikitetemeka. Ilianza kidole kimoja, sasa ni viganja vyote viwili. Mficha maradhi kifo humuumbua, alilijua hilo, ila aliogopa zaidi kuachishwa kazi. Kila asubuhi alijifungia bafuni akipigana na vifungo vya shati, na mkewe akibisha humjibu, "Nanyoa ndevu!" Ndevu zenyewe za kuhesabika.

Siku ya fainali timu yao ilikuwa inaongoza. Gari likaingia. Chapchap akainua plagi, nzito kama ndoo ya maji, akalenga tundu, ikagonga pembeni. Akalenga tena, pembeni tena. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa amesimama hapo na mtungi wa kuzimia moto. Akautua, akaweka mkono wake juu ya wa Chapchap, akasukuma. Plagi ikaingia. Baada ya sekunde thelathini gari likachomoka, likamaliza la kwanza.

Shangwe haikudumu. Sheria ile iliwekwa ili umeme ukileta balaa usiondoke na wawili, na kamera ilikuwa imeona mikono ya watu wawili. Ushindi ukafutwa.

"Nani kashika plagi isiyo yake?" mkuu wa timu akafoka.

"Mimi," shemeji akasema.

"Kwa nini?"

Shemeji akatazama viatu vyake.

"Basi vua sare, uende."

Chapchap alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza, na kazi ingebaki kuwa yake. Akavua glavu, akainyoosha mikono mbele ya wote, ikacheza itakavyo.

"Wa kwenda ni mimi, bosi. Yeye alinisaidia tu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nje, akiwa amebeba begi lake, alimuuliza shemeji, "Nani alikwambia?"

"Dada. Tangu mwaka jana. Alisema, 'Ukiona kashindwa, mshike.'"

Nyumbani mkewe alikuwa jikoni akikausha vikombe. Hakuuliza habari za mashindano; redio ilikuwa imeshamaliza yote. Chapchap akasimama mbele yake, mikono ikining'inia.

"Mama watoto," akasema, "nifungulie vifungo."